Katizo Katika Kadi ya Mtandao ya Kuigizwa

Daladala imetoka Mbezi Luis. Abiria wawili wanasema, "Shusha!" Konda anamshusha mmoja, anagonga bodi: "Twende!" Wa pili anapitishwa kituo. Programu inayoigiza kadi ya mtandao hukosea vivyo hivyo.

Katizo ni ishara ya kadi kuiita prosesa. Katika kadi ya NE2000, rejista ya ISR huonyesha matukio yaliyotokea. IMR huonyesha yanayoruhusiwa kuita.

Mfano
ISR = 00000011 (kulia: pakiti imepokewa; inayofuata: pakiti imetumwa)
IMR = 00000011

Prosesa inashughulikia pakiti iliyopokewa na kufuta biti yake. ISR inabaki 00000010.

Swali: Je, programu izime ishara?
Jibu: Hapana. ISR NA IMR = 00000010, si sifuri. Ikizimwa, prosesa haitajua kwamba pakiti imetumwa, na mtandao unaweza kukwama.

Marekebisho: Kila ISR au IMR inapobadilika, kokotoa upya ISR NA IMR. Ukipata sifuri, zima ishara. Usipopata sifuri, iwashe.

Zoezi: ISR ikibaki 00000010, IMR ikawa 00000001, kisha ikarudi 00000011, ishara itakuwaje kila hatua? Eleza.