SOMO: JE, UANACHAMA UNGALI NA FAIDA?

Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Mwanza na Jimbo zima la Ziwa waliunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, wapate mizani ya haki. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirejesha, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Tangu hapo wanachama wengi huuliza: hisa ina faida gani?

Mnunuzi binafsi hulipa na kwenda zake. Katika chama mkulima ni mwenye mali: hukagua mizani, hudai hesabu, hupiga kura na hugawiwa ziada inapopatikana. Lakini haki isiyotumiwa haizai. Asiyehudhuria mkutano mkuu ameitupa hisa yake; na katibu asiyesoma hesabu hadharani huwafukuza wanachama kimyakimya.

Swali la kujadiliwa: Katika mkutano uliopita, je, hesabu za chama chenu zilisomwa zikaeleweka?