Mtoto Anayekoroma Kila Usiku: Mwangalie na Meno

Wazazi wengi husema mtoto anayekoroma amelala fofofo. Sivyo. Kukoroma siku mbili tatu kwa sababu ya mafua si neno, lakini anayekoroma karibu kila usiku, mdomo wazi, huenda hapati hewa ya kutosha. Mara nyingi, hasa kati ya miaka 2 na 8, chanzo ni tezi za kooni na za nyuma ya pua zilizokua kupita kiasi.

Akipumulia mdomo usiku kucha, mate hukauka. Mate ndiyo husafisha meno na kupunguza makali ya asidi inayotengenezwa na bakteria wakipata sukari. Yakikauka, meno huoza upesi, ufizi wa mbele huvimba, na mtoto huamka akinuka mdomo. Mzazi humgombeza kwa uvivu wa kupiga mswaki, kumbe tatizo liko puani.

Msikilize akilala. Je, pumzi hukatika kidogo, kisha akashtuka akitweta? Darasani husinzia, au hatulii? Mrekodi kwa simu umwonyeshe mhudumu wa afya, kwani mchana mtoto huyu huonekana mzima kabisa. Ulizia rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, na umwone wa meno pia.

Kwa sasa, apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi. Baada ya ule wa usiku, asipewe kitu ila maji. Hata chai ya maziwa, hapana. Midomo ikigeuka samawati, usingoje kuche: mpeleke hospitali.