Waya Gani wa Kukunjia Bonsai? Msirudie Kosa Langu



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja wa hapa Kiuyu aliniuliza atumie waya gani kukunjia mikwaju yake ya bonsai. Nikamjibu haraka haraka: "Chukua ule wa kufungia nondo, rahisi, kila duka upo." Masika yakaingia, sikurudi kumtazama. Nilipokwenda, waya umeshashika kutu na umezama ndani ya gome. Tulipoutoa, matawi yamebaki na makovu ya kuzunguka kama skrubu. Mnunuzi alikuja, akaitazama miti, akaondoka. Kazi ya miaka mitatu ile, jamani.

Basi somo la leo ni hili: waya mzuri ni ule unaolishika tawi bila ya kuliumiza, na unaotoka kwa wakati wake.

Aina za waya

*Chuma.* Wa nondo unashika kutu upesi, na sisi huku upepo wa bahari una chumvi. Wa senyenge ni mgumu. Ukiulazimisha, tawi ndilo linalovunjika. Yote miwili iacheni.

*Alumini.* Huu ndio wa kuanzia. Ni laini, haushiki kutu, ukikosea unaufungua na kuuzungusha tena. Lakini kwa kuwa ni laini, lazima uwe mnene.

*Shaba.* Ina nguvu zaidi, kwa hiyo waya mwembamba kidogo unatosha. Ukishaukunja unakuwa mgumu na kushika umbo, ila kuurudia ni tabu. Unafaa matawi magumu, kwa mkono uliokwisha kuzoea.

Shaba ya waya wa umeme

Mabaki ya waya wa umeme wa nyumba yanafaa, ule wenye uzi mmoja ndani. Angalia lakini: namba ya dukani si unene wa waya, ni eneo la uso wake ukiukata. Wa 1.5 una unene wa milimita 1.4 hivi, na wa 2.5 una milimita 1.8 hivi. Wengi wanakosea hapo.

Ondoa ganda la plastiki kwa kisu. Usilichome, moshi wake ni sumu. Kisha weka shaba tupu kwenye makaa mpaka iwe nyekundu iliyofifia, itoe, ichovye majini. Usiogope maji, shaba inabaki laini.

Unene gani?

Kanuni ni theluthi moja ya unene wa tawi. Tawi la milimita 6, waya wa alumini wa milimita 2. Huna kipimo? Shika kipande cha waya, sukuma tawi kwa ncha yake. Waya ukipinda kabla ya tawi, ni mwembamba. Tawi likisogea na waya umesimama, huo unafaa.

Kufunga

1. Kata urefu wa mara moja na nusu ya tawi.
2. Anza kwenye shina ili waya upate pa kushika. Waya mmoja unaweza kufunga matawi mawili yaliyo jirani.
3. Zungusha kwa mshazari wa nyuzi 45, uguse gome bila ya kulibana.
4. Maliza kufunga, ndipo ukunje polepole kwa vidole gumba. Waya ukae upande wa nje wa pindo. Ndio unaozuia tawi lisipasuke.

Kutoa

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Kwenye nchi za baridi waya hukaa miezi. Kwetu, masika yakinyesha, tawi linanenepa ndani ya wiki chache. Kagueni kila wiki. Ukiona waya umeanza kugusa kwa nguvu, utoe hata kama tawi halijashika umbo, halafu ufunge upya sehemu nyingine. Na msiuzungushe kuutoa: kateni kila pindo kwa koleo, vipande vianguke vyenyewe. Waya ni wa kununuliwa tena, tawi halinunuliwi.

Yule kijana hakuacha. Alikata matawi yale, anasubiri machipukizi mapya. Safari hii ana alumini, na mimi napita kwake kila Jumamosi.

Kazi ya wiki hii: chagua mti mmoja tu, tawi moja tu, ufanye jaribio la ncha ya waya kabla ya kufunga chochote.