Du Bois na mwalimu wake

Swali: Tasnifu yangu ya uzamili inahusu The Souls of Black Folk, kitabu cha W. E. B. Du Bois. Je, inatosha kuonyesha kwamba Du Bois alifundishwa na William James?

Jibu: Haitoshi. Masomo yao ya falsafa pale Harvard yanajulikana. Hoja iko wanapoachana. Katika The Principles of Psychology (1890), James anaeleza kuwa mtu ana nafsi nyingi za kijamii, na mgawanyiko huo waweza kuwa wa amani. Du Bois, katika kitabu chake cha mwaka 1903, anamwonyesha Mmarekani mweusi anayelazimika kujitazama kwa macho ya wanaomdharau. Mpasuko huo umeletwa na ubaguzi. Hapo ndipo pa kukaa. Tena usiziruke noti za muziki zinazotangulia sura za kitabu hicho: ni za nyimbo za watumwa, na wahakiki wa falsafa, kwa maoni yangu, huzipita haraka mno.