Ujira wa kalamu ni deni, si sadaka



Hivi karibuni, baada ya swala ya Isha, alinifuata kijana mmoja niliyewahi kumfundisha. Kijana huyu hana ajira ya kudumu. Anaishi kwa kalamu: anafasiri vitabu, anaandika maandiko ya miradi, anahariri risala na kuwaandalia watu makala. Akaniuliza, “Ustadh, nimemfanyia mtu kazi ya kitabu cha dini, sasa ni mwezi wa tano ananipiga kalenda. Juzi ameniambia nisidai sana kwa kuwa kazi yenyewe ni ya Allah. Je, nikiendelea kumdai nitaikosa thawabu?”

Swali lile lilinigusa, kwa sababu na mimi yamenikuta.

Yaliyonikuta mimi

Miaka michache iliyopita niliombwa na taasisi moja nifasiri kijitabu cha kurasa 60 kutoka Kiarabu. Tulikubaliana kwa mdomo, tumekaa barazani, kwamba nitalipwa shilingi 10,000 kwa kila ukurasa, yaani shilingi 600,000 kwa kazi nzima. Sikuandika chochote. Niliona haya. Niliona kumwambia ndugu yangu katika imani kwamba tuandikiane ni kama kumwambia simwamini.

Nikakesha na kazi ile wiki sita, nikaikabidhi. Kijitabu kikachapwa, kikagawiwa. Mimi nikaanza kuambiwa njoo kesho, mara mhasibu amesafiri, mara tusubiri baada ya Ramadhani. Ulipotimia mwezi wa nane, yule katibu aliyeniagiza kazi akawa ameondoka madarakani. Nilipokwenda kwa katibu mpya alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, “Ustadh, sisi kwenye kumbukumbu zetu tuna kwamba kazi hii ulijitolea.”

Baada ya mzee mmoja kuingia kati kutusuluhisha nililipwa nusu. Hadi leo siwezi kuapa kwamba yule katibu mpya alinidhulumu. Hakuna karatasi iliyomwonyesha ukweli. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ajabu ni kwamba niliyekosa daftari nilikuwa mwandishi.

Ujira ni haki ya mtu

Uislamu haukuliacha jambo hili lielee. Imepokewa katika Sunan Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) ameagiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahihi Bukhari, Abu Hurayra (r.a.) amepokea Hadith Qudsi inayotaja watu watatu ambao Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kwa ukamilifu, kisha asimlipe.

Ndugu msomaji, hebu tuzingatie. Mtu huyu hakuvunja duka usiku wala hakumpora mtu njiani. Kosa lake ni kuchukua kazi na kuzuia malipo. Je, kuna tofauti gani kati ya jasho la mchimba msingi na usiku wa mtu aliyeinamia maandishi mpaka alfajiri? Wengi hudhani kwa kuwa maneno hayana uzito kwenye mizani, basi hayana bei. Hii ni dhana potofu. Aliyekifaidi kitabu amefaidi kazi, na kazi ina mwenyewe.

“Fanya kwa ajili ya Allah”

Kauli hii ndiyo iliyomchanganya yule kijana. Ni kauli njema ikitoka kinywani mwa mfanyakazi, lakini ni dhuluma ikitoka kinywani mwa mdaiwa.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Ibn as-Saadi alipewa na Umar bin al-Khattab (r.a.) kazi ya kukusanya zaka. Alipoimaliza, Umar akaamuru alipwe. Ibn as-Saadi akasema kwamba amefanya kwa ajili ya Allah na malipo yake yako kwa Allah. Umar akamtaka apokee, akamweleza kwamba yeye mwenyewe alipata kumwambia Mtume (s.a.w.) maneno kama hayo alipolipwa, na Mtume akamwelekeza achukue anachopewa bila ya kukiomba, ale na atoe sadaka.

Mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, kupokea malipo ya kazi ya dini hakufuti ikhlasi. Pili, sadaka hutolewa na mwenye mali, kwa hiari yake. Aliyepewa kazi hana mamlaka ya kuigeuza haki ya mwenzake kuwa mchango. Kama taasisi haina fedha, iseme tangu mwanzo kwamba inaomba mtu wa kujitolea. Anayetaka atajitolea, na Allah hampotezei mtu ujira wake.

Aya ya deni na mwandishi

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) haikuzungumzia swala wala saumu. Imezungumzia kuandikiana madeni ya muda. Imetutaka tusichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Imemtaka mwenye kudaiwa ndiye atamke kinachoandikwa, ili asije akakikana kesho. Kisha, karibu na mwisho, imemtaja mwandishi na shahidi kuhusu madhara. Wanazuoni wameielewa sehemu hiyo kwa namna mbili: kwamba mwandishi asidhuru, na kwamba mwandishi asidhuriwe. Zote mbili zinatuhusu. Asidhuru maana yake asicheleweshe kazi, asinakili kazi ya mwingine akaiita yake, asipokee fedha za watu akazima simu. Na asidhuriwe, maana yake apewe haki yake.

Ni kweli wanazuoni wengi wamesema kuandikiana ni jambo lililopendekezwa na si wajibu. Lakini aya yenyewe imetoa sababu: ni uadilifu zaidi, na ni karibu zaidi na kuondoa shaka. Kwa hiyo ile haya niliyoiona barazani haikuwa adabu. Adabu ilikuwa ni kuandika.

Tufanye nini?

Kwa ndugu zangu wanaoishi kwa kalamu, nashauri yafuatayo:

1. Usianze ukurasa wa kwanza kabla ya kuandikiana. Karatasi moja inatosha: kazi ni ipi, kurasa ngapi, bei gani, itakabidhiwa lini, italipwa lini, masahihisho yatarudiwa mara ngapi, na nani hasa mlipaji, je ni taasisi au mtu binafsi? Kama mmeelewana kwa simu, mwombe mwenzako akuthibitishie kwa ujumbe wa maandishi, kwa maneno yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hapa Tanzania inautambua ujumbe wa namna hiyo kama ushahidi.

2. Omba malipo ya awali, theluthi au nusu. Kushartiana ujira utangulizwe kunajuzu. Asiyeweza kutoa theluthi leo, zote atazitoa wapi kesho?

3. Kabidhi kwa awamu, na malipo yaende kwa awamu. Nakala ya mwisho itoke baada ya malipo ya mwisho. Katika fiqhi ya Kihanafi, fundi ambaye kazi yake inaacha athari katika kitu, kama mtia rangi nguo, anaruhusiwa kukizuia mpaka alipwe. Kwa hiyo si uchoyo, lakini mwambie mwenzako sharti hilo mapema.

4. Siku ya malipo ikipita, kumbusha kwa upole na kwa maandishi. Ikipita tena, andika barua ya madai yenye kiasi na tarehe. Kisha tafuta msuluhishi, mzee au imamu. Ikishindikana, mahakama zipo, na Mahakama ya Mwanzo huendesha shauri kwa Kiswahili. Ila usilale: kwa Sheria ya Ukomo, madai ya mkataba kwa kawaida hufunguliwa ndani ya miaka 6.

5. Usiweke faini ya kuchelewa inayoongezeka kila mwezi. Wako watu katika nchi nyingine wanaoshauri hivyo, na Uingereza ina sheria ya mwaka 1998 inayoruhusu riba juu ya malipo yaliyocheleweshwa baina ya wafanyabiashara. Kwetu Waislamu, nyongeza juu ya deni kwa sababu ya muda ni riba. Kinga yetu iwe mbele, katika masharti namba 1 hadi 3.

Mwenye shida na mwenye uwezo

Tusisahau Qur'an (2:280): mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini aje aseme, “Ndugu yangu, nimekwama.” Asijifiche wala asizime simu. Ama mwenye uwezo anayemzungusha mwenzake, Mtume (s.a.w.) amekwishalihukumu jambo lake kuwa ni dhuluma, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Nawasihi viongozi wa misikiti, shule na taasisi zetu wafungue madaftari yao wiki hii. Wapo walimu, wafasiri na wahariri waliokwishakata tamaa ya kudai, na kunyamaza kwao si kusamehe. Dawa ya deni ni kulipa.

Yule kijana nilimjibu kwamba kudai haki yako hakukukoseshi thawabu. Tukakaa, tukaandika pamoja barua ya madai, fupi, ya heshima, yenye tarehe. Kabla hajaondoka nikamuuliza kama kazi yake ya sasa ameandikiana na aliyempa. Akainamisha kichwa. Nikamrudishia kalamu, tukaanza kuandika karatasi ya pili.