Mchezo wa Dadu: Kuendelea au Kupiga Kambi?

Zamani, kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara ilikwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, na mingine iliendelea hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Kati ya Mpwapwa na Ugogo walipita nyika iliyoitwa Marenga Mkali, ambayo haikuwa na maji. Walijaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala njiani pasipo kisima, na siku ya pili yake wakayafikia maji. Mwendo wa namna hiyo uliitwa terekeza.

Mfikirie kirangozi, yaani kiongozi wa msafara. Jua linakaribia kutua na watu wamechoka. Je, aendelee mbele au apige kambi? Akiendelea, huenda akapata mengi. Huenda pia akapoteza yote aliyoyapata mchana kutwa. Mchezo ufuatao una swali kama hilo. Umeandikwa katika vitabu vya Marekani tangu mwaka 1945, na huko huitwa Nguruwe. Sisi tutauita Terekeza.

Kwanza tengeneza dadu. Finyanga udongo wa mfinyanzi uwe mchemraba wenye pande sawa, kisha uanike kivulini ili usipasuke. Tia vitone, 1 hadi 6, na kila nyuso mbili zinazoelekeana ziwe na jumla ya 7. Waweza pia kuchonga dadu kwa muhogo mbichi, lakini muhogo hujikunja ukikauka, na dadu iliyopinda hupendelea upande mmoja. Hivyo ijaribu dadu yako kabla ya kucheza: irushe mara 60 na uandike kila uso ulioangukia juu. Kila uso ukitokea karibu mara 10, dadu yako ni ya haki. Usitazamie 10 kamili. Ikiwa uso mmoja umetokea mara 25, tengeneza dadu nyingine.

Sasa chezeni wawili, kila mmoja akiwa na kifuu, na kati yenu pawe na rundo la punje za mahindi. Zamu yako ikifika, rusha dadu. Ukipata 2, 3, 4, 5 au 6, chukua punje kwa hesabu hiyo uzishike mkononi, kisha uchague: urushe tena, au upige kambi. Ukipiga kambi, tia punje zako katika kifuu. Hizo hazipotei tena. Lakini ukipata 1, rudisha punje zote zilizo mkononi, na zamu ni ya mwenzako. Atakayetangulia kupata punje 100 katika kifuu chake amefika Tabora.

Je, ni wakati gani wa kupiga kambi? Tuseme umeshika punje 8. Dadu ina nyuso sita zenye nafasi sawa. Nyuso tano zaweza kukuongezea 2, 3, 4, 5 au 6. Jumla yake ni 20. Uso mmoja utakunyang'anya zote 8. Kwa kuwa 20 ni kubwa kuliko 8, rusha tena. Lakini ukiwa umeshika punje 25, uso mmoja utakunyang'anya 25, na tano zilizobaki kwa jumla zaongeza 20 tu. Basi piga kambi. Ukiwa na 20 kamili, kurusha na kusimama ni sawasawa.

Hata hivyo, tazama kifuu cha mwenzako. Akiwa na punje 97 nawe una 60, kupiga kambi mapema hakutakufaa.

Huenda umerusha mara tano bila kupata 1, na mwenzako akasema, "Sasa moja imekaribia!" Asemavyo si kweli. Dadu haina kumbukumbu. Kila unaporusha, nafasi ya kupata 1 ni moja katika sita, kama ilivyokuwa mwanzo.

Zoezi

1. Chora jedwali la kurusha dadu mara mbili. Lina visanduku 36. Ni visanduku vingapi visivyo na 1?

2. Cheza michezo kumi. Wewe piga kambi kila ufikapo punje 20 au zaidi. Mwenzako apige kambi kila afikapo 10 au zaidi. Andika mshindi wa kila mchezo.

3. Kama dadu ingekuwa na nyuso mbili zenye 1 na isiwe na 6, ungepiga kambi ukiwa na punje ngapi?