Mbuta Aenda Ulaya, Ngege Aja Kutoka Uchina

Wengi wenu mnakumbuka mdahalo wetu wa muhula wa pili, mada ikiwa "Serikali ipige marufuku samaki kutoka nchi za nje." Mimi nilikuwa msemaji wa kwanza upande wa waliounga mkono. Nilisimama, nikanguruma, nikapigiwa makofi, na tukashinda. Nilisema kwamba yeyote anayeuza samaki wa Uchina kando ya Ziwa Victoria anaiuza nchi yake. Jambo ambalo sikulisema ni kuwa asubuhi ile ile mamangu alikuwa ameketi sokoni Homa Bay na katoni mbili za ngege wa Uchina mbele yake, na karo yangu ya muhula ule ilitoka katika katoni hizo.

Makofi yale hayakunipa raha. Basi likizo ya Agosti ilipofika nilichukua daftari nikaenda kuuliza maswali, kwanza kwa mama, halafu kwa mjomba wangu ambaye ni mvuvi huko Sori, Migori. Mengine niliyasoma katika vitabu vya Jiografia na Biashara. Haya ndiyo niliyoyapata.

Hebu tuanze na mbuta. Samaki huyu si mwenyeji wa ziwa letu. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akala fulu na samaki wengine wadogo, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Ndipo viwanda vya kukata minofu vikajengwa Kisumu na kwingineko kando ya ziwa. Lori lenye barafu hufika ufuoni, wakala hupima mbuta kwa mizani, na lori huondoka. Kiwandani samaki hukatwa vipande, na kila kipande huwa na safari yake. Mnofu hupelekwa nchi za nje, hasa Ulaya. Kibofu cha hewa kilicho tumboni hukaushwa kikapelekwa Hong Kong na Uchina, ambako watu hukipika supu ya heshima. Kilo moja ya kibofu kikavu hushinda kilo ya mnofu kwa bei mara nyingi sana. Kichwa na mifupa, kile tunachokiita mgongo wazi, hurudi kwetu. Kina mama hukikaanga tukala, na ni kitamu, sikatai.

Kwa hiyo samaki mmoja ana masoko matatu, na aliye karibu naye zaidi ndiye anayepata mifupa. Mwanzoni niliona huu ni wizi mtupu. Lakini mjomba alinicheka. Alisema, "Wewe mtoto wa dada, unataka nimuuzie mnofu nani hapa Sori kwa bei ya Ulaya?" Nilikosa jibu. Bidhaa humfuata mwenye pesa. Ndivyo ilivyo kwa chai ya Kericho na maua ya Naivasha pia. Nchi zinazoendelea huuza nje mazao ya shamba, madini na samaki, zikanunua mafuta, mashine na magari. Mwaka 1950 mtaalamu wa uchumi kutoka Argentina, Raúl Prebisch, aliandika kwamba baada ya muda mrefu bei ya mali ghafi hushuka ikilinganishwa na bei ya vitu vya viwandani, hivi kwamba nchi kama zetu hulazimika kuuza mzigo mkubwa zaidi ili kupata mashine ile ile. Wengine walimpinga na bado wanampinga, lakini tukisoma urari wa biashara wa Kenya tunaona kuwa tunanunua nje kuliko tunavyouza, na nchi tunayonunua kwake zaidi ni Uchina.

Sasa nifike kwa ngege. Uchina ndiyo nchi inayofuga ngege wengi kuliko zote duniani. Hugandishwa, hutiwa katika makontena, hushushwa Mombasa, na husafiri kwa barabara hadi huku kwetu ambako tunaliona ziwa kwa macho. Mama alinieleza bila haya yoyote. Ngege wa ziwa amepungua. Siku nyingine huamka saa kumi usiku kwenda ufuoni, akasubiri mashua hadi jua likawa kali, akarudi na samaki watano wa bei ya juu. Katoni ya Uchina haimsubirishi. Iko pale kwenye friza ya mwenye duka, samaki wote wa kimo kimoja, na mteja mwenye shilingi chache anaweza kununua mmoja akalisha watoto. "Huyo mteja wa shilingi chache umemfikiria?" mama aliniuliza. Kwa kweli sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Katika mdahalo hatukumtaja.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni habari ya kufunga mlango. Nilidhani nchi yoyote huru inaweza kufunga mlango wake ipendavyo. Mjomba alinisimulia kuwa alipokuwa kijana, Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wetu. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilikataa minofu kwa kisa cha viini vya salmonela. Kisha ikaja hofu ya kipindupindu. Mwaka 1999 ilisemekana kuna watu wanaovua kwa sumu ya wadudu, na Ulaya ikakataa samaki wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kenya haikurudi katika soko lile hadi mwaka 2000. Mjomba alisema lori la barafu liliacha kuja. Walivua, wakatazamana, na mbuta mkubwa akauzwa bei ya omena. Babu aliuza ng'ombe mwaka ule, na mjomba hakurudi shuleni.

Hata hivyo, nisiseme upande mmoja tu kama nilivyofanya kwenye mdahalo. Ili mlango ule ufunguliwe, serikali zetu zililazimika kupima samaki kwenye maabara na kutengeneza fuo. Kukajengwa mabanda yenye sakafu ya saruji, maji safi na barafu, na uvuvi wa sumu ukapigwa vita vikali. Sisi wenyewe tulio ziwani tulifaidika. Ila mjomba huuliza, na mimi nauliza pamoja naye, kwa nini tulingoja tuamrishwe na mla mnofu.

Sasa linganisha na mlango wetu. Oktoba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alisema samaki wa Uchina wasiendelee kuingia kwa vile wanaua soko la wavuvi wetu. Fuo zote zilishangilia. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2019 samaki wale walikuwa wakiingia tena. Uchina haikufurahishwa, na Kenya ilikuwa ikikopa kwake pesa za reli. Tena, samaki wetu hawakutosha kujaza pengo. Ulaya ilitufungia kwa muda mrefu na haikulala njaa. Sisi tulifunga kwa majuma machache tu, na mama alikaa nyumbani bila kitu cha kuuza.

Msidhani pia kuwa sisi ni malaika. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Anayeijua Isebania, pale mpakani Migori, anajua kuwa watu wa pande zote mbili huishi kwa kuvuka na gunia. Malori yalikwama mipakani. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa, mahindi yakaruhusiwa ila yawe na cheti cha kupimwa. Sumukuvu ni hatari kweli, na hatari ya afya si mzaha. Lakini mkulima wa ng'ambo ile, mwenye gunia lisilo na cheti, nadhani alijisikia vile vile alivyojisikia mjomba mwaka 1999.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui, nalo huenda likaulizwa katika mtihani. Ziwa ni moja, ila Kenya ina asilimia 6 tu ya maji yake. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. (Ndiyo sababu ya kelele zote za Migingo. Mwaka 2009 Rais Museveni alisema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Sasa mvuvi avue mawe?) Hata katika soko la Ulaya nchi hizi tatu haziko sawa. Uganda na Tanzania zimo katika kundi la nchi maskini zaidi, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru. Kenya haimo katika kundi hilo, kwa hiyo huhitaji mkataba. Mwaka 2014 mkataba ulipochelewa, maua yetu yalitozwa ushuru kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi, wakati majirani hawakuguswa. Hatimaye Kenya ilitia sahihi mkataba wake na Ulaya Desemba 2023, nao ukaanza kufanya kazi Julai 2024. Bidhaa zetu huingia bila ushuru, na sisi tutafungua soko letu polepole kwa miaka 25. Miaka 25 ikiisha mimi nitakuwa mzee wa zaidi ya arobaini.

Mjomba ameanza kufuga ngege ndani ya vizimba, pamoja na wenzake wanne. Nilifurahi, nikamwambia hili ndilo jibu. Alinionyesha gunia la chakula cha samaki na kuniambia nisome maandishi yake. Lilitoka nje ya nchi. Chakula hicho ndicho kinachomla faida, alisema, na akishindwa kukipunguza hatauza kwa bei ya katoni. Kuna wanaotengeneza chakula kwa dagaa, yaani omena, na soya ya hapa hapa, na wiki hiyo alikuwa akienda kuwaona.

Niliporudi Homa Bay nilimsomea mama daftari lote jioni, yeye akiparua magamba. Siku hiyo alikuwa na samaki wa aina zote mbili, wa ziwa upande wa kulia na wa katoni upande wa kushoto, na mteja akiuliza humwambia ukweli. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na kwenye ule mdahalo wenu, wewe ulisema nini?"

Nikamwambia.

Hakunijibu. Alinipa kisu, akanisogezea beseni la kushoto.